Fimbo Kumi na Mbili za Mloliondo

Tanga, 6 Januari 2024

Kaka Sadoki,

Shikamoo. Habari za hapo Maji ya Chai? Shemeji Anande hajambo? Sisi wazima, ila ni uzima wa kusukuma. Nakuandikia kwa sababu tangu tulipomzika baba, kwenye simu tunaanza na salamu na kuishia na matusi.

Kiwandani wametupunguza. Mwisho wa Februari narudi nyumbani na mama Angel na watoto. Nyumba ya baba ni ya kitinda mimba, na hilo hujawahi kubisha. Naomba uiondoe karakana yako humo.

Mdogo wako,
Elisaria

Maji ya Chai, 19 Januari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo, ndizi zipo, mgongo wangu ndio umegoma. Pole sana kwa kazi.

Nyumba ni yako, sina neno. Ila nisikilize. Ule mti wa mloliondo wa mpakani mwa shamba, ulioangushwa na upepo mwaka aliofariki baba, nimepata humo fimbo kumi na mbili za kuchezea pool. Fimbo hizi hazimalizwi kwa siku moja. Kila moja naikereza kidogo kwenye mashine, naitundika miezi mitatu itulie, naikereza tena. Huu ni mwaka wa tatu. Kuta za udongo za baba zina ubaridi. Kwangu ni bati, na joto litazipinda.

Miaka ishirini nimekereza miguu ya vitanda vya watu. Hii ndiyo kazi ya kwanza ninayotamani kuichora jina langu. Niachie hadi Julai, tafadhali.

Kaka yako,
Sadoki

Tanga, 29 Januari 2024

Kaka,

Shikamoo. Huku wazima.

Wanangu walale wapi, chini ya fimbo? Miaka mitatu unachonga vijiti vya walevi, halafu unaniomba nisubiri! Nimesema mwisho wa Februari. Kama hutaki, tutakutana mbele ya wazee wa ukoo.

Mdogo wako,
Elisaria

Tanga, 12 Februari 2024

Kaka yangu,

Shikamoo sana. Mgongo unaendeleaje? Hujanijibu, na sikulaumu.

Jumamosi nilikaa kwenye baa moja hapa Ngamiani. Mzee mmoja, kabla ya kucheza pool, aliibingirisha fimbo yake juu ya meza, ikaenda taratibu bila kuruka hata kidogo. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Naangalia kama imenyooka. Fundi wa hizi simpati tena. Wote wana haraka." Nikamwambia kaka yangu anazitengeneza. Nilipotamka hivyo nikaona aibu.

Usihamishe chochote. Tutapanga chumba Tengeru hadi Julai, mama Angel amekubali. Na lile neno la walevi, nisamehe.

Mdogo wako,
Elisaria

Maji ya Chai, 21 Februari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Wasalimie sana watoto.

Barua yako konda wa basi aliiacha dukani kwa Sumari tangu tarehe kumi na tatu. Sikushuka barabarani wiki nzima, nilikuwa nahamisha fimbo. Sikutaka wazee wakusikie ukidai kilicho chako. Nilizitundika chumbani kwangu, chini ya bati. Jua la Februari unalijua. Jumapili baada ya ibada nikazibingirisha mezani moja moja, na zote zinaruka.

Nimeichukua barua leo, nimeisoma mara mbili palepale dukani. Nimelia, sikufichi. Nimekwisha kukusamehe, na hasira sina. Nimechoka tu. Sijui kama nina miaka mitatu mingine mwilini, na mloliondo mwingine hatuna.

Msipange chumba Tengeru. Nyumba ya baba iko wazi, imefagiliwa. Anande anapikia zile fimbo. Anasema tangu aolewe hajapata kuni zilizokauka vizuri namna hii.

Njooni mle.

Kaka yako,
Sadoki