Wimbo wa Mgeni Rasmi

Nuria mdogo wangu, funga mlango kwanza ndipo umsomee Bibi. Ningepiga simu, lakini hapo Mzenga simu huipokea Babu, na haya hayamhusu.

Bibi, shikamoo. Huku Kibaha mimi mzima. Tereza ninayelala naye chumba kimoja anapuliza tarumbeta tangu alfajiri, mpaka majirani wa chuo wameacha kutusalimia.

Najua wewe na makungwi wenzako mmeshashona sare za mahafali ya Jumamosi. Bibi, naomba msije. Viti havitatosha.

Siyo viti. Mwalimu Sostenes alitaka kila mwanafunzi alete wimbo wa kwao. Nikampa ule mlionifundisha nilipokuwa mwali. Neno sikutoa hata moja, nilimwimbia sauti tu, mdomo nimeufumba. Akaipenda. Sasa kwaya nzima, na wavulana wamo, wameitilia maneno ya kumkaribisha mgeni rasmi!

Nilimwomba auondoe.

"Nipe sababu, Hajira."

Sababu yenyewe haiambiwi mwanamume.

"Basi utapiga ngoma. Usipopiga, cheti sahau."

Nimesema msije, lakini moyo unakataa. Njoo, Bibi, ukae mbele kabisa. Wimbo unaanza na ngoma yangu, bila hiyo hawajui pa kuingilia. Nitakutazama kabla sijaigusa. Ukijifunika khanga usoni, naishusha mikono, na cheti wabaki nacho.

Mwali wako,
Hajira