Barafu ya Sangara kwa Helikopta ya Fau

Jumapili, jioni. Kiangazi.

Joto la leo limekataa kuondoka hata baada ya jua kuzama. Nimefungua dirisha la upande wa ziwani, upepo hakuna, kuna harufu tu ya mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka kiwandani, yanayokaangwa huko chini. Mama ameondoka na meli ya mchana kurudi Nansio, kisiwani Ukerewe. Nyumba imebaki kama darasa siku ya kufunga shule.

Helikopta ya Fau imevunjika.

Nimeliandika mapema ili nisije nikazungukazunguka. Rimoti ilikuwa mikononi mwa Kulwa, lakini aliyeivunja ni mimi.

Fau ni mdogo wangu, marehemu Faustine. Kiwanda cha pamba kilipopunguza watu naye akapunguzwa, akafungua kibanda cha kutengeneza redio na hizi televisheni ndogo za Dubai zilizojaa mjini tangu biashara ilipoachiwa huru. Mzungu mmoja aliyekuja kufunga mashine za baridi kwenye kiwanda cha minofu alimpelekea redio kaseti yake, wakazoeana. Alipokuwa anarudi kwao akamwachia helikopta ya betri, ndefu kama mkono wa mtu mzima, unairusha ukiwa umesimama chini. Mimi niliiita ya kuchezea. Fau hakulipenda hilo neno. "Dada, hiki ni chombo," alikuwa ananiambia, uso umekunjwa kweli.

Na chombo chenyewe hakikutengenezwa kwa jua la Mwanza. Puani mwake mna kisanduku kidogo kinachosikiliza rimoti, kingine kinachozuia mkia usizunguke ovyo, na kingine kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota. Hicho cha mwisho ndicho kinachochemka, na kikichemka kinawachemsha wenzake. Hapo helikopta inakuwa kama mlevi, unaiambia kulia inakwenda inakotaka.

Fau alihangaika nayo sana. Alitoboa matundu puani ili upepo uingie. Alikata kipande cha mfuniko wa sufuria yangu (sikuambiwa, niliona tu ubwabwa unatoa mvuke upande mmoja), akakifunga kwa skrubu kwenye kile kinachochemka, bati lipokee moto na kuutoa nje. Akaipaka yote rangi nyeupe. Betri alizibeba kwenye kikapu, zimefunikwa. Alirusha asubuhi tu, jua likianza kuuma anafungasha. Na kila ilipotua aliigusa puani kwa mgongo wa mkono, akatulia kidogo, kama mama anayesikiliza homa ya mtoto.

Mimi nami nilimgusa hivyo hivyo, miezi yake ya mwisho.

Homa yake ilipanda mchana. Jirani yangu Mama Nyamizi, anayeuza sangara, alinipa barafu ya samaki bila kuniuliza kitu, Mungu ambariki. Nikaipondaponda, nikaifunga kwenye kitambaa, nikamwekea kwenye paji na kwapani. Ilimpoza. Siku moja alifungua macho akaniangalia, akasema, "Dada, unanuka samaki." Tulicheka, yeye kwa sauti aliyobakiwa nayo.

Tulimzika nyumbani, Ukerewe. Siku ya kuanua matanga baba mdogo aligawa vitu vyake kama ilivyo desturi. Baiskeli ilipata mtu, koti likapata mtu, redio nusura igombaniwe. Ilipofika helikopta aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Na hili panzi analitaka nani? Halikamuliwi, halichinjwi."

Watu walicheka, hata mimi. Nikasema nipeni.

Mama hakucheka. Kila Krismasi Fau alimwahidi kwamba atakwenda nayo Nansio aione ikiruka, na kila Krismasi ilikuwa mbovu kwa joto. Sasa macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho. Wiki hii alikuja hospitali, wakamwambia asubiri, atakuja kuitwa. Ijumaa, tunachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Vene, kabla sijaondoka nataka nikione kile kitu cha mwanangu kikipanda. Mwanga bado naupata. Sijui mwaka kesho."

Ningemkatalia vipi?

Anayejua kuirusha amebaki Kulwa peke yake, aliyekuwa akifanya kazi na Fau kibandani. Siku hizi yuko Kisesa na familia yake. Nilimtumia salamu, akaja leo, lakini alifika watu wanatoka misa ya pili na jua limeshasimama. Na meli haimsubiri mtu. Kulwa aliigusa ile bodi nyeupe, akatikisa kichwa.

"Dada, kwa jua hili hapana. Fau asingekubali."

"Fau angekuwa na mama anayeondoka leo, angekubali."

Ndipo likaja lile wazo langu. Nilikimbia kwa Mama Nyamizi, nikarudi na boksi lake la barafu. Nikaifunga pua ya helikopta kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na betri, nikavilaza humo ndani. Nilisema moyoni, hata jua likiwa kali namna gani, itaanza kuruka ikiwa baridi.

"Dada, huyu si samaki," Kulwa akasema.

"Na Fau alikuwa samaki? Mbona ilimpoza?"

Akanishikia mfuniko wa boksi. Mtu ukimtajia marehemu habishi tena. Nilijua hivyo, na nikalitumia jina lake makusudi. Hilo nalo naliandika hapa.

Tukashuka ziwani, pale kwenye uwazi katikati ya mawe ambapo wanawake wanaanika nguo. Mama alikaa kwenye kigoda chini ya mwavuli, na kitenge chake cha kanisani. Kulwa akamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaanza maswali.

"Humo ndani anakaa mtu?"

"Hapana mama, hamna mtu."

"Anayeiendesha yuko wapi?"

"Ni mimi, nikiwa huku chini."

"Kha! Woga huo. Mwanaume unapeleka chombo juu wewe umebaki chini?"

Waliokuwa wanafua wakaangua kicheko. Kulwa naye akacheka, nikamwona meno kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Tulipoitoa kwenye barafu ilitoka jasho mwili mzima, kama chupa ya soda. Niliifuta kwa kanga yangu, nikaifuta vizuri sana, mpaka ikang'aa. Nikaona nimemaliza.

Ikawaka. Ikatimua mchanga, ikanyanyuka taratibu.

"Iko wapi? Vene, iko wapi?"

Nilimshika mama mashavu kwa mikono miwili, nikamgeuza uso kuelekea juu. Akakaza macho. Halafu akapiga kelele, "Naiona! Ile nyeupe! Naiona!" Akapiga kigelegele, mama yangu, ambaye tangu mazishi sauti yake ilikuwa imekwenda chini kabisa. Wanawake wa nguo wakampokea. Helikopta ikapanda mpaka ikalipita jiwe kubwa, ikasimama hewani kama inayotusikiliza.

Mungu wangu, ningeomba siku ikatike hapo.

Mkia ulianza kuzunguka. Kwanza polepole, nikadhani ni mbwembwe za Kulwa, kisha nikamwangalia na kuona anaminya rimoti meno yamekazwa. Haikuwa inamsikia tena. Ilijizungusha, ikalala ubavu, ikapiga jiwe, ikabiringika hadi chini kwa kelele za vyombo vinavyoanguka kabatini.

"Imeshatua?" Mama akauliza.

Kulwa aliniangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Imetua, mama," nikasema.

"Mbona kwa kelele?"

"Ndivyo zinavyotua."

"Haya," akasema. "Basi mwanangu alikuwa fundi kweli."

Kulwa alikwenda kuiokota. Alipoitenganisha ile pua nikaona mwenyewe: visanduku vyote vilikuwa vimelowa matone madogomadogo, kama majani asubuhi. Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Hewa ya ziwani ina maji ndani yake, ikigusa kitu cha baridi inayaacha pale. Mimi nilifuta nje tu. Kwa matundu yale ya Fau hewa iliingia mpaka ndani, na maji na umeme havikai pamoja. Kama tungeiacha kivulini tu, imefunikwa kitambaa cheupe, pengine ingeruka dakika zake chache ikarudi salama.

Mgonjwa ukimpoza, ukamfuta, unakuwa umemsaidia. Nilidhani kila kinachochemka kinauguzwa namna moja.

Bandarini watu walikuwa wengi, mizigo, kuku, kelele. Nilimshikia mama kikapu mpaka kwenye daraja la kupandia. Hapo akanivuta karibu, mdomo ukawa sikioni mwangu.

"Mwambie Kulwa asilie. Nilimsikia pale anavuta kamasi."

Nikababaika. Nikaanza kusema sijui ni vumbi, sijui nini.

"Vene. Hospitali nilileta macho, masikio sikuyaleta. Kitu kilichovunjika naujua mlio wake." Akanipapasa shavu. "Nilitaka kuona kinavyopanda. Nimeona."

Akachukua kikapu chake, akapanda huku anapapasa kamba kwa mkono. Hakugeuka nyuma, na hata angegeuka asingeniona.

Sasa nakaa hapa najiuliza. Jumamosi nikienda kuungama nitamwambia padri nini? Kwamba nilimdanganya mama yangu? Yeye alikuwa anajua tangu mwanzo, akasema "haya" ili mimi nisiaibike mbele ya watu. Sijui kati yetu ni nani aliyemfichia mwenzake.

Sala ya jioni nimeisali peke yangu, nusunusu. Nilipofika mahali pa kuwaombea marehemu nikakwama, yale maneno ya siku zote hayakuja. Nikasema tu kama ninavyosema na mtu aliyeko chumba cha pili: Fau, mama ameiona. Unisamehe ile barafu.