Pazia la Baa ya Hanafin

...na hapo ndipo simu ilipokatika, Shangazi Attracta, nikiwa bado sijafika kwenye habari ya pazia, na mtangazaji akasema hewani kwamba huenda nimezidiwa na machozi, kumbe nilikuwa nimeishiwa chaji tu, kwa hiyo naendelea kwa barua kwenye safu yako ya gazeti, mpendwa mshauri, na naomba msaada wako kabla ya Ijumaa kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya kuchapa.

Kwa wale ambao hawakunisikia redioni, mimi ni Dervla, nimezaliwa Longford ambako hakuna bahari, na nimeolewa hapa Carrigmoyle wiki kumi na moja na siku mbili zilizopita na Fiachra, fundi wa injini za boti, mwanamume ambaye hata akipiga mswaki mimi husimama mlangoni nikamtazama, na akitoka kazini ananuka dizeli na samaki na mimi naona ni manukato, na nilikuwa na furaha isiyo na kipimo mpaka kamati ya mashindano ya makasia iliponiomba niandike karatasi ya kuwagawia wageni, yenye baa tano za kienyeji za kutembelea, tano tu kwa sababu karatasi inakunjwa mara mbili na nafasi haitoshi. Waliniomba mimi kwa kuwa nilipata alama ya juu ya insha sekondari, jambo ambalo huenda nililitaja mara moja au mbili.

Mji huu una baa kumi na moja na makanisa mawili, na mimi nilizitembelea baa zote kumi na moja kwa muda wa wiki mbili nikiwa na daftari, nusu glasi kila mahali, nikatoa alama: alama kwa moto wa mboji kavu inayochomwa kama kuni, alama kwa dari jeusi la moshi, na alama moja kwa kila mzee mwenye kofia aliyekaa kaunta. Mzee mmoja aliniona nikimnyooshea kalamu.

"Binti, unanihesabu mimi?"

"Ndiyo babu, wewe ni wa tatu."

"Basi nihesabu mara mbili. Wa nne amekwenda chooni na bia yake nimeshainywa."

Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa, na nikaandika kwamba watu wa hapa ni wakarimu.

Namba moja nikampa Hanafin, Shangazi, na ungeiona ungelia, ni baa ndogo ya bibi mmoja mjane aitwaye Nuala Hanafin, ina kaunta iliyochakaa kwa viwiko vya watu mpaka imeingia ndani kama bakuli, na dirisha kubwa linalotazama barabara ya kwenda kanisani, na mwanga wa bahari unaingia mpaka kwenye glasi. Fiachra alikuwa ameniambia mapema, "Usikae kiti cha dirishani, kinayumba, kaa kile cha pembeni," na kweli kiliyumba, mume wangu anajua kila kitu. Baa ya mjomba wake Malachy, ambaye ni kaka wa mama mkwe, sikuiweka, kwa sababu ina televisheni kubwa kama mlango wa zizi, na ukutani kuna samaki wa plastiki anayeimba mtu akipita, na nilidhani kwa kuwa ni ndugu ataelewa. Kabla ya kuipeleka kamati nilimpa Fiachra asome, akasoma mara mbili, masikio yakamwiva, akasema, "Ni nzuri, mpenzi wangu. Peleka." Nikayabusu yale masikio, nikapeleka.

Jumamosi mama mkwe wangu Concepta akaja na rasimu ya ile karatasi mkononi, kamati ilikuwa imeshaizungusha mjini, mimi nikiwa na unga mpaka viwikoni.

"Dervla, mwanangu, hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama! Umeipenda?"

"Nisomee hapo namba moja. Sina miwani."

Miwani ilikuwa puani kwake, Shangazi, lakini nilidhani ni uzee, nikanyoosha mgongo nikasoma kwa ile sauti yangu ya mashairi: "Baa ya Hanafin. Dirisha lake linaitazama barabara ya kanisani, na pazia lake halijawahi kushushwa kwa ajili ya mtu yeyote."

"Rudia."

Nikarudia, tena nikaweka madaha kwenye neno pazia, nikiamini limemgusa. Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akasema, "Asante, nimesikia," akaondoka bila chai. Mama mkwe wangu kuondoka mahali bila chai! Jumapili baada ya misa nikaenda kwa mjomba Malachy nijue kulikoni, akawahudumia watu wote, mpaka mbwa wa mtu akapewa maji, halafu akaja na kitambaa akaifuta kaunta yote kunizunguka kama vile mimi ni doa lisilotoka.

"Mjomba, hujambo?"

Akamgeukia mzee wa jirani. "Mwambie huyo mama kwamba amepotea njia. Hapa si baa ya kienyeji. Hapa tuna televisheni."

Na samaki akaanza kuimba.

Nyumbani ndipo Fiachra aliponieleza. Unajua desturi, ni ileile ya kwetu Longford na ya kila mahali penye heshima, jeneza likipita barabarani maduka na baa zote hufunga mlango na kushusha pazia mpaka msafara upite. Sasa miaka arobaini iliyopita babu yake Fiachra alifariki, na Concepta, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akatembea nyuma ya jeneza la baba yake, milango yote imefungwa, mapazia yote yameshuka, isipokuwa kwa Hanafin, dirisha wazi, taa zinawaka. Tangu siku ile hakuna mtu wa familia hiyo aliyekanyaga pale, na mimi nimekwenda kuisifu kwa maandishi, kwa lile dirisha lenyewe, na Ijumaa zitachapwa nakala mia tatu!

"Ila pazia lilikuwa kwenye kamba," Fiachra akaniambia. "Walilifua kwa ajili ya maziko, wakitaka liwe jeupe, mvua ikanyesha siku mbili likakataa kukauka. Usimwambie mama kwamba nimesema mimi." Ni mnyenyekevu sana, hapendi sifa.

Sasa nimebanwa, Shangazi. Concepta amemwambia Fiachra kwamba hatakula mezani kwangu mpaka namba moja ifutwe, na kweli Jumapili iliyofuata kiti chake kilikaa kitupu, viazi vikapoa, Fiachra akala akitazama sahani. Mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na siku ya harusi Concepta alinifunga vifungo vya gauni mgongoni akaniita mwanangu, sikuwahi kuitwa hivyo na mtu kwa miaka mingi, na naogopa sitaitwa tena. Lakini Jumanne bibi Nuala akaniletea mkate wa moto, amechoka, ana miaka themanini na kitu, akanishika mkono akasema, "Mke wa Fiachra ameandika jina letu." Nikimfuta nitamuua, nisipomfuta nimempoteza mama. Kamati inataka jibu Ijumaa. Nifute au nisifute? Nisaidie, na samahani kwa karatasi kulowa, safari hii ni machozi kweli.

Wako mwenye furaha (karibu yote),
Dervla wa Fiachra

*

Dervla,

Pangusa uso, kisha chaji simu.

Nianze na daftari lako. Umeingia baa kumi na moja za pwani ya magharibi, mahali ambapo watu wanaongea hata na mashine ya kuuza sigara, na hukumuuliza mtu swali hata moja. Umewahesabu wazee kama kondoo wa mnadani. Ungemwambia yule mzee mnywa bia ya mwenzake, "Babu, kwa Hanafin vipi?" angekusimulia habari ya dirisha lililobaki wazi kabla hujavua koti. Lakini wewe ulikuwa unahesabu kofia.

Na hiyo namba nne yako, kwa Lenihan, yenye nyavu ukutani na "dari jeusi la moshi", nakala uliyoambatanisha na barua ninayo hapa mbele yangu. Binti yangu, pale palikuwa duka la matairi mpaka juzijuzi. Lile dari limepigwa rangi na mtu aliyelipwa kwa siku. Nyavu hazijawahi kumwona samaki. Umeipa alama tisa.

Wakati huohuo umeruka kwa Malachy kwa sababu ya televisheni. Niambie, siku mkizika mtu wa familia yenu, mnakwenda kunywa supu wapi? Nani anafungua mlango saa nne asubuhi, anakata mikate, anakataa mtu kutoa hata senti? Hiyo ndiyo baa ya kienyeji. Ni ile watu wanayoijia wakitoka makaburini na matope viatuni. Akitaka kutundika samaki anayeimba, atundike hata nyangumi.

Sasa tuje kwa huyo mpiga mswaki wako. Kijana ambaye familia yake haijakanyaga kwa Hanafin miaka arobaini amejuaje kiti gani kinayumba? Habari ya pazia kufuliwa kaipata wapi, wakati mama yake hajawahi kuisikia? Hiyo habari inasimuliwa ndani ya nyumba moja tu katika mji wenu, na anayeisimulia ni Nuala. Mumeo ni mteja wa pale, Dervla. Alisoma karatasi yako mara mbili, akajua vizuri itatua wapi, masikio yakamwambia ukweli, mdomo ukasema "peleka". Alikutanguliza wewe mlangoni aone kama kuna mbwa. Unyenyekevu! Mimi naliita jina jingine, ila gazeti hili linasomwa na watawa.

Sisemi kuwa ni mtu mbaya. Amekaa kwenye kiti cha pembeni, amemsikiliza bibi kizee, amemwonea huruma, na amemwogopa mama yake. Wanaume wengi wa pwani ile wanaweza kuikabili bahari ya Januari lakini si mama zao. Lakini mzigo huo ni wake, na ameuweka kichwani kwako wiki ya kumi na moja ya ndoa.

Kwa hiyo usimfute Hanafin. Futa ile sentensi ya pazia, leo, kabla hujamaliza kusoma hapa, kwa kuwa ndiyo iliyochoma. Futa kwa Lenihan, arudi kwenye matairi. Pale mweke Malachy, televisheni na samaki vyote, na uandike kwamba wenyeji humalizia hapo misiba yao. Baki na tano zako, karatasi itakunjika vizuri.

Fiachra aende kwa mama yake peke yake. Usiende naye, usimwandikie la kusema, usisimame nje ya dirisha. Amwambie kwa mdomo wake kwamba anakunywa kwa Hanafin, na amwambie lilikokuwa pazia siku ile. Concepta anaweza asiamini. Anaweza kumtukana. Ni haki yake. Msichana wa miaka kumi na tisa alitembea nyuma ya baba yake, akainua macho, akaona taa zinawaka, na wewe umemsomea jambo hilo jikoni mara mbili kwa sauti ya mashairi. Alikuomba urudie ili ahakikishe kwamba hukukusudia. Asingekupenda, angekurushia ule unga. Ila usije ukawaalika yeye na Nuala kwenye keki wakumbatiane mbele yako. Najua umeshaifikiria. Acha.

Wewe Jumapili rudi kwa Malachy. Kaa kaunta, agiza, nyamaza. Akija na kitambaa kukuzunguka, inua kiwiko apanguse na hapo. Akikutukana, kubali, na usijitetee hata kwa neno moja, kwa kuwa ukianza hutamaliza, barua yako ni shahidi. Jumapili ya tatu atakuuliza unakunywa nini.

Jambo la mwisho ndilo lililonikera kuliko yote. Umeniandikia kurasa saba. Nimepata jina la mjane, jina la mjomba, idadi ya nakala, hali ya masikio ya mumeo. Marehemu ambaye yote haya yanamhusu umemwita "babu yake Fiachra", na basi. Hukuuliza jina lake. Fiachra akishamaliza ya kwake, nenda kwa Concepta bila karatasi wala mkate, ukae, umwambie, "Mama, nisimulie habari za baba yako," kisha ufunge mdomo mpaka chai ipoe. Nakupa muda wa kutosha, maana mimi mwenyewe nitapanda basi nije Carrigmoyle kabla mwezi huu haujaisha, na kabla hujanikaribisha ndani nitakuuliza alikuwa anaitwa nani.

Shangazi Attracta