Kofia Yangu Kwenye Benchi

Mjukuu wangu Kendi,

Habari ya Eldoret? Huku tuko salama. Nyanya yako amepona kikohozi, na mbuzi wa mama yako amezaa mapacha.

Umeniuliza kama Biblia kweli inafundisha kwamba watu ni sawa, au ni maneno ya wahubiri wa siku hizi. Nikueleze jambo moja.

Wakati wa vita vya Shifta huku kaskazini, miaka ya sitini, Waturkana wengi walikimbia kutoka Kipsing kule nyikani wakaja hapa mjini. Jumapili walikuja kanisani kwetu, wakaketi chini kwenye vumbi. Sisi Wameru tuliketi kwenye benchi. Hatukuona ubaya, kwa sababu kila familia ilikuwa imejitengenezea benchi yake nyumbani na kuileta.

Mimi ndiye niliyekuwa nasoma Neno. Siku hiyo nilisoma pale Yakobo anapowakemea wanaompa tajiri kiti na kumwambia maskini akae chini. Nikamaliza, nikarudi kwenye benchi yetu. Kando yangu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nimeweka kofia.

Mama mmoja Mturkana akasema kutoka pale chini, "Mwalimu, hiyo maneno umesoma, rudia."

Nikasimama, nikarudia neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Asante," akasema. "Sasa nimesikia."

Nikaketi tena.

Kwa hiyo, Kendi, fundisho hilo limo. Nililisoma mwenyewe mara mbili asubuhi moja, na kofia yangu haikuondoka kwenye benchi.

Babu yako