Kahawa Aliyotafuna Mutalemwa

Newala, Jumapili baada ya ibada

Tata mpendwa,

Shikamoo. Nimeitanguliza peke yake ili uipokee nzima, maana kwenye simu huwa inapita mbio. Unaitika marahaba, unaniuliza "Oraire ota?" nami najibu "Marungi," salama. Nakuuliza nawe umeamkaje, unajibu "Marungi." Halafu nasikia unasema, "Mama Kemilembe, mtoto huyu hapa," na simu imeshahama mkono. Imekuwa hivyo kila Jumapili tangu nilipoajiriwa huku. Leo nimeona niandike. Barua huwezi kumpa mama katikati, itabidi uisome mwenyewe mpaka mwisho.

Goti lako linaendeleaje? Mama anasema ulikatazwa kushika panga lakini bado unaingia kibanjani asubuhi kupunguzia migomba majani, na ukiulizwa unasema unanyoosha mguu tu. Mnyauko ule wa upande alipozikwa babu umeishia wapi? Natumaini mliing'oa migomba yote iliyougua, hata ile mliyokuwa mnaionea huruma. Na kahawa ya kando ya njia, imeanza kuiva? Naulizia mambo haya kwa sababu nayafikiria sana. Nikiwa nasahihisha madaftari huwa najikuta nimesimama mbele ya nyumba yetu Ijumbi, naangalia mkeka wa kahawa umeanikwa, na kuku wa mama wanafukuzwa.

Huku sisi tuko juu ya mlima, upepo ni mwingi na maji ni ya kutafuta. Watu ni wakarimu ila ndizi hawazijui. Mwalimu mwenzangu alisikia mimi ni Mhaya akanipikia ndizi ili anifurahishe. Zilikuwa mbivu, Tata. Alizikaanga, akazimwagia sukari, akaniita mezani. Nilikula nikasifu, machozi yakinilengalenga, na yeye akadhani ni utamu. Mimi nilikuwa namwona mama anafunika ebitoke, zile ndizi mbichi, kwa majani, anayakandamiza kwa viganja pembeni mwa chungu ili mvuke usitoroke, huku anatuambia tusifunue kabla hajarudi kutoka kisimani. Mdogo wangu Mutalemwa alikuwa anafunua. Kila siku alikuwa anafunua, na kila siku mama alijua.

Sasa nianze lile lililonifanya niandike. Usishtuke, kwa sababu ninapoandika niko mzima, nimekula, na dirisha liko wazi.

Niliumwa, Tata. Vidonda vya tumbo nilivyowaambia havikuwepo. Ilianza wakati wa mvua za mwaka jana, polepole, mpaka sikujua imeanza lini. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nilikuwa navaa kiatu kimoja, nakaa kitandani nikikitazama kile kingine pale chini, na kengele ya shule inagongwa, na mimi bado natazama kiatu. Chakula kilikuwa kama karatasi. Nilipima malaria, hakuna. Nikapima tena mahali pengine, hakuna. Mkuu wa shule alidhani nina mimba, akaanza kunipangia vipindi vichache kwa heshima, na mimi sikuwa hata na nguvu ya kumkatalia. Kuna asubuhi nilitamani nisingeamka kabisa. Nasikitika kukuandikia sentensi hiyo, najua utaisoma mara mbili, lakini ni ya kweli na ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Na bado Jumapili ikifika ulikuwa unaniuliza oraire ota, na mimi najibu marungi. Si kwamba nilikusudia kukudanganya. Sisi hatuna jibu jingine. Hata msibani, mtu amekaa chini amejifunika khanga, macho yamevimba, ukimwuliza ameamkaje atakuambia marungi ndipo mwendelee kulia. Nimelijibu swali hilo hivyo tangu nilipojua kusema, nikafika mahali sikujua linajibiwaje vingine.

Aliyenitoa ni mama mwenye nyumba ninayopanga, Bi Zuhura. Ni mama wa makamo, mkali kidogo, anauza maandazi, na hapendi mtu ajaze maji ndoo zikafurika. Siku moja sikwenda kazini, akaja akakaa kizingitini pangu bila kubisha hodi.

"Mwalimu, umeamkaje?"

"Salama."

"Hiyo salama waachie wapita njia. Nimekuuliza wewe umeamkaje."

Hakunisukuma. Alivua kandambili zake, akaanza kunieleza habari zake mwenyewe, kwamba alipojifungua mtoto wa kwanza alikaa miezi hataki kumshika, anamsikia analia kama mtoto wa jirani. Mama mkwe akasema ana kiburi. Mumewe akasema amerogwa. Dada yake ndiye aliyempeleka hospitali, akatibiwa, na yule mtoto sasa ni fundi wa pikipiki na anamsumbua kila siku. Alieleza hivyohivyo, kama anayeeleza bei ya unga imepanda. Alipomaliza akanitazama, nami nikajikuta nasema yote, kiatu na karatasi na ile sentensi mbaya. Kesho yake akaacha maandazi yake, tukaenda pamoja.

Ulikuwa umetufundisha jambo hili, Tata, na mimi sikulitambua mpaka siku ile. Nitalirudia hapo chini.

Daktari aliniuliza nalalaje, nakulaje, nawaza nini nikiwa peke yangu. Akasema huu ugonjwa unaitwa sonona, kwamba unawapata wengi na vijana hasa, na kwamba hauji kwa sababu mtu ni mvivu au ana imani ndogo. Natumia dawa. Ninakwenda pia kuongea na muuguzi mmoja pale, tunaongea tu, na mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Haikuondoka kwa haraka. Bado kuna siku naamka mzito. Lakini nafundisha, watoto wa kidato cha pili wananicheka ninavyotamka baadhi ya maneno kama Mhaya, na mimi nawacheka wanavyoogopa baridi. Nyuma ya nyumba nimepanda mgomba, chipukizi nililopewa na yule wa ndizi za sukari. Naumwagilia maji niliyooshea vyombo. Bi Zuhura anauita mgonjwa wangu.

Sasa nije kwa Mutalemwa.

Mama ameniambia. Tafadhali usimgombeze, mimi ndiye niliyembana mpaka akasema. Ameniambia tangu mdogo wangu arudi kutoka chuoni Mwanza kabla ya kumaliza, hatoki chumbani. Haogi mpaka aambiwe. Chakula anakigusagusa. Senene walipoanguka mwaka huu watoto wote wako nje kwenye majani yenye umande, yeye amegeukia ukuta. Mutalemwa na senene? Yule aliyekuwa anawakusanya kwenye pindo la shati mpaka tumbo liko wazi, halafu anakaa na mama kunyonyoa mabawa, na kwenye bakuli lake haongezeki hata mmoja kwa sababu amewaficha mfukoni wakiwa hai?

Na ameniambia umeamua aende Ngenge kwa baba mdogo Rwegasira akalime mpunga, kwa sababu huo ni uvivu wa mjini na jembe litamtoa. Nakuheshimu, Tata, na sijawahi kukupinga hata nilipokuwa sitaki ualimu. Katika hili nakuomba usimpeleke. Mimi nilikuwa na jembe langu huku, ni chaki, nililishika kila siku na halikunitoa. Kule Ngenge ataamshwa alfajiri, atakwenda shambani, atajibu marungi kwa kila mtu, na hakuna atakayejua anawaza nini. Naogopa hilo kuliko ninavyoogopa hasira yako.

Mpeleke Bukoba hospitali kwanza. Waulize wanapohudumia afya ya akili. Najua neno hilo likitajwa pale kijijini watu wanamfikiria yule mama aliyekuwa anazunguka sokoni na matambara, na wewe ni mzee wa kanisa, watasema mtoto wa fulani. Waache waseme. Ukiulizwa, wataje wanao wote wawili, na mimi nimo, mwalimu wa serikali anayefundisha kidato cha pili na anayetumia dawa. Maombi siyakatai. Mchungaji aje amwombee, halafu mpande basi.

Nilisema nitarudia lile ulilotufundisha. Unakumbuka siku walipokuja watu wa Ijuganyondo kumposa shangazi? Nyumba ilijaa. Ulimpa Mutalemwa kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna apitishe kwa wageni, na ulimwelekeza vizuri: anayekaribisha ndiye anayetafuna kwanza, mgeni aone kwa macho yake kuwa haina kitu kibaya, ndipo naye achukue bila hofu. Mtoto alisikia, akaelewa kwa namna yake. Kila mgeni aliyemfikia, alitafuna kwanza. Akapiga goti, akatafuna, akampa. Akaenda kwa mwingine, akapiga goti, akatafuna. Wageni walikuwa wengi na hakuna aliyemzuia, maana kila mmoja alimwona mara moja tu akasema mtoto huyu ana adabu. Jioni macho yalikuwa yamemtoka, mikono inatetemeka, anaongea bila kituo, anazunguka nguzo za nyumba. Mama alitaka kumchapa. Shangazi akasema ameingiwa na kitu.

Wewe uliinuka. Wageni wako bado walikuwa wamekaa, uliwaomba radhi, ukatoka, ukamshika mkono mkaingia kibanjani. Nilikuwa nawafuata kwa nyuma. Mlitembea mgomba kwa mgomba, unamtajia huu ni wa pombe, huu ni wa kupika, huu babu aliupanda, yeye anaongea wewe unaitikia, mpaka miguu yake ikachoka akakuegemea. Hukumwuliza kwa nini halali. Hukumwambia atulie. Ulitembea naye tu, mpaka ikaisha. Mimi nilikupenda sana siku ile, na sidhani niliwahi kukuambia.

Huyo baba ndiye ninayemwandikia, Tata. Nimekuandikia habari zangu kwanza ili uwe umeniona nikitafuna. Sijafa kwa kusema. Nenda chumbani kwa Mutalemwa, kaa kitandani, mwambie kilichompata dada yake, na kama wewe nawe una lako ulilowahi kunyamazia, mwambie. Sikuombi uniambie mimi. Kisha mshike mkono kama siku ile, mtembee. Safari hii msiishie kibanjani, mfike barabarani kwenye basi la Bukoba.

Msalimie mama, mwambie ile dawa ya tumbo aliyonitumia aliinywa Bi Zuhura, na inamfaa sana. Msalimie shangazi na watoto wake, mkumbushe kuwa kahawa ya posa yake bado inatusumbua. Msalimie baba mdogo Rwegasira, mwambie mpunga wake naupenda na nitakuja kuula mwenyewe likizo. Wazee wenzako wa kanisa wasalimie wote. Bi Zuhura anakusalimu ingawa hakujui, anasema ana hamu ya kumwona mtu aliyenifundisha ukaidi.

Mutalemwa usimpe salamu zangu. Mpe barua hii aisome, yote.

Jumapili nitapiga simu saa zetu zilezile. Ukiniuliza nimeamkaje, nitakujibu nilivyoamka, nami nikikuuliza habari za nyumbani nitanyamaza mpaka unijibu. Nianze mimi tena: leo nimeamka vizuri kidogo. Jana sikuamka vizuri.

Mwanao,
Kemilembe