Ng'ombe Waliogeukia Baragumu

Mwalimu Methusela, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Mimi ni Hamidi, mwendesha gari la ng'ombe hapa Dodoma, nakuandikia nikiwa sijui nishike lipi niache lipi, naomba unisaidie kabla sijaitwa bomani.

Juzi nilikuwa natoka Ihumwa na ngozi za kupeleka stesheni, ng'ombe wangu wawili, Madoa na Mweusi, wanakwenda vizuri tu, na mwenzangu Sila, ambaye kazi yake ni kutangulia mbele yao ameshika kamba, nilikuwa nimempandisha juu ya ngozi kwa sababu alichomwa mwiba, ingawa kusema kweli mwiba ulikwisha kutoka zamani na tulikuwa tunapiga soga, mara nyuma yetu ikaja motokaa ya yule Mdachi mpima ardhi, akaminya baragumu lake la mpira, puu, puu, nami nikawachapa ng'ombe watoke njiani, lakini Mwalimu, badala ya kwenda kando wakageuka nyuma, wote wawili kwa pamoja, wakaikata njia na gari zima, na kadiri alivyozidi kupiga ndivyo walivyozidi kumwendea, mpaka motokaa ikaingia kwenye gurudumu langu. Taa yake ikavunjika, pua yake ikatoboka, maji yakaanza kutiririka. Hakuumia mtu, Mungu ashukuriwe. Na ng'ombe hawakukimbia! Walisimama wametulia, Madoa akainamisha kichwa akayanywa maji yaliyotoka ndani ya motokaa, huku bwana anapiga kelele.

Askari amenipa karatasi mbili. Moja inasema niliendesha bila mtu wa kutangulia, ya pili inasema nilisikia baragumu nikamzibia Mzungu njia kwa makusudi. Ya kwanza adhabu yake ni faini, ya pili ni hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano mgongoni, na ng'ombe kuchukuliwa na serikali, na bila ng'ombe hao nyumbani kwangu hakupikwi kitu. Kesi itasikilizwa bwana shauri, mkuu wa boma, akirudi kutoka safari. Nimeambiwa nikizikubali zote mbili kwa unyenyekevu huenda nikahurumiwa, lakini nikibisha nikashindwa, nisitegemee huruma.

Rafiki yangu Bushiri, anayefagia ofisi za boma na kujiona wakili, anasema nizibishie zote, nidai kwamba Yoramu, yule Mgogo wa Ihumwa aliyeniuzia ng'ombe, aliniuzia wakorofi huku akijua, ili yeye ndiye aitwe. Nami Yoramu simpendi sana, maana siku ya kununua alinichelewesha, mara nile, mara nilale, kesho twende wote kisimani ng'ombe wakanywe, nikaona huyu anatafuta njia ya kuongeza bei, nikawaswaga ng'ombe wangu nikaondoka. Lakini alinikirimu, na mgongo wake nao ni mgongo. Mke wangu Stara hasemi nibishe wala nisibishe, yeye asubuhi na jioni anauliza jambo moja tu: "Baba Kudra, hao ng'ombe walikuwa wanataka nini kwa yule Mzungu?" Nimeanza kuogopa swali hilo kuliko kiboko chenyewe. Nishauri, Mwalimu.

Hamidi, Dodoma

Hamidi, marahaba. Pole kwa mshtuko, na sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mkeo ameuliza swali ambalo wewe, askari na huyo Bushiri wako hamkuliuliza. Walitaka maji, bwana! Mimi ni Mgogo, nimechunga kabla ya kushika chaki. Kiangazi visima vyetu tunavichimba kwenye mchanga wa mto, na mifugo ya watu wengi hufika pamoja. Ili isichanganyike, kila mwenye ng'ombe ana wito wake: huyu mluzi, yule wimbo, mwingine pembe. Naamini Yoramu hupuliza pembe. Ndiyo maana alikusihi ulale. Kwetu ng'ombe hakabidhiwi kwa kamba peke yake. Mnunuzi husimama kisimani akawaita yeye mwenyewe mpaka wamjue. Wewe ukaona unacheleweshwa. Ukachukua ng'ombe, ukauacha wito wao Ihumwa, na Mzungu wa watu akauokota bila kujua. Aliwaita wakaja, na maji wakayapata! Nimecheka peke yangu hapa mezani, kisha nikakumbuka mgongo wako nikaacha.

Karatasi ya kwanza usiibishie. Sila alikuwa juu ya ngozi, na kama angekuwa mbele na kamba yake huenda wasingegeuka. Lipa faini, na habari ya mwiba usiitaje kabisa, utajiaibisha.

Ya pili ibishie, tena umesimama wima, kwa sababu si kweli. Hilo neno "makusudi" ukilikubali leo kwa unyenyekevu, kila gari litakapogongwa Dodoma watakuja kukutafuta wewe.

Bushiri mwache afagie. Yoramu alitaka kukupa kitu bure ukamkimbia, na sasa unafikiria kumpelekea kiboko nyumbani kwake? Aibu, Hamidi. Isitoshe, shahidi wako ni yeye. Nenda kwake kesho pamoja na ng'ombe, usiende mikono mitupu. Omba radhi kwanza, ya kesi yafuate. Kisha mwombe apulize pembe. Kama nimekosea, utajua palepale, kabla hujaapa mbele ya mtu, na uniandikie tena upesi. Wakigeuka, umeshapata la kusema: mwombe bwana shauri ng'ombe wasimamishwe uani kwa boma, watu wote wanyamaze, na mwenye motokaa aminye baragumu lake. Usimwage maneno mengi siku hiyo, waache wao wajibu.

Lakini mimi ningekuwa bwana shauri, kabla ya kukuachia ng'ombe ningekuuliza hivi: wakiitwa tena na mtu mwingine njiani, wewe mwenye mali utawarudishaje? Leo huwezi kujibu. Basi safari hii Yoramu akikwambia ulale, lala. Asubuhi nenda naye kisimani, shika pembe uipulize mwenyewe, halafu tulia uwasubiri mpaka waje kwako.

Methusela