Mkwe Hashikwi Tumbo

Mume wangu Baba Yona,

Hujambo wewe na mama mkwe wangu? Kahawa ya huko Isansa imeiva, au mvua imewachezea? Mimi huku Tunduma mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua hii anakuletea wifi mkononi, maana kwenye simu ungepiga kelele majirani wakasikia. Kaa chini kwanza.

Mama yake Neema amefariki.

Unajua ninavyotamba na Yona wetu. Hata Wazambia wanaonunua mchele wangu nawaonyesha picha yake na koti jeupe. Soko zima hakuna mwenye mtoto anayesomea udaktari, ni mimi tu! Basi hospitalini kwao wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi hujifunza wawili wawili, mgonjwa mmoja. Yona kapangwa na binti wa uuguzi anaitwa Tumaini. Juzi Neema, mchumba wake, akamleta mama yake anaumwa tumbo, na zamu ikawa yao.

Sasa Yona amshike mkwe tumbo? Kwetu tangu lini? Alisimama nyuma ya pazia, akauliza maswali anatazama ukuta. Tumaini akamwuliza, "Umeshampima tumbo?" Aibu ikamshika, akajibu, "Tayari."

Tumaini akampelekea daktari wa zamu jibu hilohilo. Mama wa watu akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa asubiri. Daktari alipokuja kumshika mwenyewe, tumbo gumu kama ubao. Utumbo ulikuwa umetoboka. Wakampasua, hakuamka.

Mwalimu akawakalisha wote. Yona hakungoja kuulizwa, alisimama akasema. Tumaini akalia: "Si ungeniambia ni mkweo! Ningemshika mimi, wewe ukaniuliza nasikia nini. Tumepangwa wawili kwa nini, Yona?"

Wamemsimamisha masomo. Haya, lakini hakumsukumia mwenzake lawama, na hilo pia natamba nalo, japo nalia.

Mwili unakuja huko kesho. Baba yake Neema anajua ni ugonjwa tu. Yona anataka aseme mwenyewe msibani, nikamwambia baba yako atatangulia. Nenda kwake leo. Usiseme "mapenzi ya Mungu", hilo wengine watasema. Sema mwanangu hakumshika, akasema amemshika. Akikufukuza, usirudi nyumbani, nenda ukachimbe kaburi na wanaume wenzako.

Nisalimie mama mkwe, na shemeji wa mashineni, na mchungaji wetu atuombee. Neema usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe, kama atanipokea mkono.

Mkeo akupendaye,
Mama Yona